Mjadala: Je, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asimame peke yake mbele ya semina?

Mkaa Vimbweta
Ndugu zangu, nawasilisha hoja. Katika chuo ninachosoma hapa Dar es Salaam, kazi za kuwasilisha hufanywa kwa vikundi vya watu kumi, naye asemaye huwa mmoja, yule yule wa wiki iliyopita. Tisa waliobaki husimama nyuma yake kama wapambe wa bwana harusi, kisha wote kumi hugawana alama sawa. Napendekeza kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alazimishwe kusimama peke yake kwa dakika tano, bila kusoma slaidi, na alama zake ziingie kwenye zile 40 za kazi za muhula. Somo la stadi za mawasiliano tunalo, lakini humo tunakariri aina za vizuizi vya mawasiliano, tunaziandika kwenye mtihani, na tunatoka na vizuizi vyetu vyote. Mnasemaje?

Binti Kilosa
Dakika tano kwa lugha gani? Muhula uliopita mwenzangu aliulizwa kwenye semina kwa nini bei ya mahindi hushuka wakati wa mavuno na mkulima asinufaike. Alisimama, akasema sentensi mbili za Kiingereza, karatasi ikitetemeka hata sisi wa mstari wa tatu tukaisikia, akaketi. Nusu saa baadaye, kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya nje tunakojisomea, alitueleza jambo lile lile kwa Kiswahili, akichora chini kwa kijiti ghala, barabara na dalali, na mmoja wetu akaomba arudie ili aandike. Tusimwite mtu huyo mwoga.

Mtoto wa Mjini
Dada, lugha ni kisingizio. Tuseme ukweli hata kama unauma: wanaotetemeka wengi wao wametoka shule za kata, ambako mwanafunzi alimaliza miaka minne bila kuulizwa maoni yake. Aliyesoma shule ya Kiingereza tangu darasa la kwanza husimama bila taabu.

Mwana wa Kata
Ndugu Mtoto wa Mjini, hoja ya dada ilihusu dalali wa mahindi, nawe umeijibu kwa kututukana. Nimesoma shule ya kata ambayo ilikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi kwa vidato vyote vinne, na yeye alipokuwa akienda wilayani kufuatilia mshahara, tulifundishana wenyewe ubaoni kwa zamu. Huko ndiko nilikojifunza kusimama mbele ya watu. Shule zile unazozidharau zilijengwa kwa nguvu za wananchi zama za Lowassa, na mama yangu alibeba mawe ya msingi kichwani akiwa na mimba ya mdogo wangu.

Mpenda Tarehe
Sahihisho dogo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, yaani MMES, ulianza 2004, Mkapa akiwa bado Rais. Lowassa alishika uwaziri mkuu mwishoni mwa 2005, akauongezea msukumo.

Mwana wa Kata
Nashukuru kwa tarehe, mkubwa, lakini mawe aliyabeba mama, hayakubebwa na MMES.

Mtoto wa Mjini
Sikumtukana mama wa mtu, na kama maneno yangu yamefika huko, naomba radhi. Ila msidhani sisi wa shule binafsi tulilelewa kwenye pamba. Nikiwa darasa la tatu nilitundikwa kibao shingoni kutwa nzima kwa kuomba maji kwa Kiswahili. Leo nakitema Kiingereza bila shida, lakini babu alipofariki na nikatakiwa nizungumze kwa niaba ya wajukuu, nilisema "kiukweli" mara sita na "tunashukuru" mara nne, mpaka mjomba akanipokonya kipaza sauti kwa upole.

Wakili Mtarajiwa
Huyo mjomba ndiye hakimu anayetusubiri. Sheria iliyopitishwa 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, Kiingereza kikabakizwa kwa mazingira maalumu, nasi tunasomea sheria kwa Kiingereza kana kwamba wateja wetu watatoka London. Nakumbuka hata tume ya elimu ya Makweta, nadhani katikati ya miaka ya themanini, ilitaka sekondari ifundishwe kwa Kiswahili.

Mpenda Tarehe
Ripoti ni ya 1982. Katikati ya miaka ya themanini, mwaka 1985 kwa hakika, ndipo utekelezaji ulipopendekezwa kuanza, na haukuanza.

Mwalimu Msaidizi
Naendesha semina, na nimesoma haya yote bila kuona mtu aliyepiga hesabu. Nina wanafunzi 60 na saa moja kwa wiki. Dakika tano kwa kila mmoja ni wiki tano. Ukiweka maswali ni wiki kumi, na mada za kozi zitafundishwa na nani? Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ya muda ni kicheko. Kijana mmoja alikosea umoja na wingi wa neno la Kiingereza wiki ya tatu ya masomo yake, darasa likaangua kicheko, na kosa lile likawa jina lake mpaka alipohitimu. Alikuwa na hoja nzuri kila mwaka, akaniletea zote ofisini, kwa maandishi. Siku hizi mtu akicheka namtaka aendeleze hoja ya mwenzake pale pale ilipokatikia, kwa lugha yoyote anayoiweza, na ukumbi hutulia ghafla.

Binti Kilosa
Kwa hiyo, mwalimu, Kiswahili unakiruhusu kwa mcheka tu, bali mchekwaji lazima ateseke kwa Kiingereza?

Mwalimu Msaidizi
Umenibana, binti. Kanuni za chuo zinataka uwasilishaji uwe kwa Kiingereza, nayo adhabu ya mcheka nimeibuni mwenyewe.

Mkaa Vimbweta
Tangu juzi tumejenga shule, tumemzika babu na tumeunda tume. Naomba jibu la swali langu la dakika tano: ndiyo au hapana?

Mwana wa Kata
Ndiyo, kwa sharti moja: aanze Mtoto wa Mjini, kwa Kiswahili, na neno "kiukweli" lihesabiwe.