Chokaa, matete au magugu maji: kipi kinafaa kwa maji ya karakana ya ngozi?

Mpenda_Ngozi (Igoma): Ndugu zangu, nina karakana ndogo ya kusindika ngozi, na nimepewa hadi mwisho wa mwezi niache kumwaga maji machafu mtaroni. Fedha niliyonayo inatosha jambo moja tu: kuchimba bwawa la matete, kuotesha magugu maji, au kununua mbegu za mlonge. Lipi litaondoa metali zenye sumu?

Fundi_Kisesa: Hujasema ni metali gani wala ni lita ngapi. Kama unatumia magome ya miwati, yanayosindika ngozi bila chumvi za metali, swali lote linabadilika.

Mpenda_Ngozi: Samahani. Ni chumvi ya kromiamu, na maji ni mapipa manne ya lita 200 kwa siku.

Mama_Matete: Chukua magugu maji, ambayo ziwani ni ya bure. Mizizi yake hufyonza kromiamu, risasi na kadimiamu, ila sisi tumezoea kuyalaani tu.

Fundi_Kisesa: Kufyonza yanafyonza, dada, lakini mizizi ikiozea bwawani kromiamu inarudi majini, na ukiyakausha ukayachoma, moto waweza kuigeuza kuwa kromiamu sita, aina nyingine ya kromiamu ambayo ni hatari zaidi. Ng'ombe nao wasiyaguse. Mlonge ni hodari wa kutuamisha tope, si chumvi iliyoyeyuka kiasi hicho. Anza na chokaa hadi pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au besi majini, ifike 8 au 9, kromiamu igande na kutuama chini, kisha matete yamalizie.

Mzee_Pasiansi: Chokaa hiyo naiogopa. Karakana niliyofanyia kazi zamani, kijana alimimina maji kwenye ndoo ya chokaa ambayo haijazimwa, ikachemka na kumrukia mguuni. Mmoja wetu akampaka dawa ya meno, mwingine akapasua yai, na tulipomvua soksi hospitalini ngozi ikatoka nayo. Alilazwa wiki tano, akabandikwa ngozi iliyotolewa pajani mwake.

Nesi_wa_Zamu: Pole, mzee. Chokaa kavu hukung'utwa kwanza, nguo zikavuliwa, ndipo maji safi yakatiririshwa kwa nusu saa au zaidi, kisha hospitali. Yai huongeza vijidudu tu.

Mama_Matete: Mbona nasikia Brazil wanatibu walioungua kwa ngozi ya sato, sisi tunazitupa?

Nesi_wa_Zamu: Ni kweli, madaktari wa Fortaleza, mji wa huko Brazil, huibandika juu ya kidonda kilichosafishwa, ikashika hapo siku kadhaa bila bandeji kubadilishwa kila mara. Lakini kwanza huuliwa vijidudu kwa dawa na mionzi. Ile ya mwalo wa Kirumba, dada, iache kwenye kikaango.

Fundi_Kisesa: Turudi kwenye maji. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, ambayo haichemki hivyo, ingawa nayo hula ngozi na macho, kwa hiyo vaa glovu na miwani. Na tope litakalobaki utalipeleka wapi?

Mpenda_Ngozi: Nyuma ya karakana nina shimo la futi nne. Kisima cha jirani kiko hatua kama thelathini kutoka hapo. Je, kuna neno?