Himaya ya Mwingereza: watoto wa Uingereza wafundishwe kwa lazima?

Mama Leicester: Mwanangu ana miaka 13. Wake sita wa Mfalme Henry wa Nane anawataja kwa ghibu. Muulize nani alitawala Kenya, anatoa macho. Kwenye mtaala wa historia wa England, umri huo, mada iliyo lazima kwa jina ni moja tu: mauaji ya Wayahudi. Himaya ni mfano, mwalimu akipenda. Mwaonaje, iwe lazima?

Gati la Kale: Iwe. Ila wasiache kusema kwamba Mwingereza ndiye aliyekomesha utumwa.

Pilipili Mbuzi: Ee! Sheria ya 1833 ilitoa fidia ya pauni milioni 20, wakapewa wenye watumwa. Mtumwa hakupata hata senti. Deni lililokopwa kulipa fidia hiyo serikali ilimaliza kulilipa 2015, kwa hiyo hata wewe unayekatwa kodi Luton ulichangia.

Gati la Kale: Luton sijawahi kukaa. Na kodi zangu zakuhusu nini? Soko la Mkunazini Unguja nani alilifunga?

Jicho Kavu: Sayyid Barghash, 1873, baada ya kutishiwa manowari. Lakini mzee, kilichofungwa ni soko. Utumwa wenyewe Unguja uliendelea kutambuliwa kisheria mpaka 1897, na Mwingereza alikuwa ameshaishika nchi tangu 1890. Miaka saba alikuwa anangoja nini? Karafuu zichumwe?

Gati la Kale: Waarabu hamuwataji. Kila kitu Mzungu.

Pilipili Mbuzi: Mada ni shule za Uingereza, mzee wangu.

Mwalimu wa Birmingham: Nafundisha somo hili. Hakuna anayetukataza. Vipindi havitoshi, na mtoto akifika 14 anaruhusiwa kuliacha. Mimi natumia mafaili ya ukoloni yaliyofichwa Hanslope Park, huku huku Uingereza, yale yaliyofichuka 2011 kwenye kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza. Wanafunzi wanakaa kimya kabisa. Lakini dada, mengine yaanzie nyumbani.

Mama Leicester: Yaani kosa langu? Natoka zamu ya usiku, nianze kusomesha Mau Mau saa kumi na mbili asubuhi?

Mwalimu wa Birmingham: Sikusema kosa.

Jicho Kavu: Umesema, mwalimu. Kwa adabu, lakini umesema.

Pilipili Mbuzi: Fidia ya Mau Mau 2013: pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, watu 5,228. Gawanyeni wenyewe, kisha mniambie nani alithaminiwa.

Gati la Kale: Hesabu tena. Mada si ilikuwa shule?