Mrejesho: Notisi za PDF kuchapwa hovyo

Wakuu, niliuliza namna ya kuzuia notisi za PDF za masomo ya jioni hapa Mbeya zisichapwe hovyo kwenye steshenari za Mwanjelwa.

Nywila ni mbili: ya kufungua faili, na ya mmiliki inayobana ruhusa. Niliweka ya pili peke yake. Kosa ndilo hilo. Faili inafunguka kwa yeyote, na ikishafunguka, kwa nywila au bila, katazo la kuchapa ni ombi tu kwa programu ya kusomea. Adobe Reader inalitii, nyingine zinapita kama hazijaliona. Kwa qpdf, programu ya kufunga PDF kwa kuandika amri (NYWILA1 ni ya kufungua, NYWILA2 ya mmiliki):

qpdf --encrypt NYWILA1 NYWILA2 256 --print=low --modify=none -- notisi.pdf tayari.pdf

Kwenye Adobe, low inashusha ubora hadi nukta 150 kwa inchi: maandishi yanasomeka, michoro midogo inafifia. Ukitaka Adobe isichape kabisa, andika none badala ya low. Nywila zisifanane, la sivyo kila anayefungua anapata haki za mmiliki.

Kuhesabu nakala zinazochapwa, PDF yenyewe haiwezi. Inataka programu inayouliza seva kabla ya kuchapa, na bando likikata mnunuzi halali naye anakwama. Nimeiacha. Badala yake jina la mnunuzi linapita mshazari kila ukurasa, linawekwa kabla ya kufunga faili. Hata wakipiga picha ya skrini, jina limo.