Mjadala: Kikorea kilistahili kusimbwa kwa herufi, au kwa silabi 11,172?

Wakuu, hoja hii ni ya tangu enzi za kompyuta za mwanzo na bado inagawa watu. Hangul, maandishi ya Kikorea, ni alfabeti, konsonanti 14 na irabu 10 za msingi. Ila herufi zake hazipangwi mstarini kama zetu. Kila silabi hukusanywa kwenye kisanduku chake. ㅎ, ㅏ na ㄴ huwa 한. Sasa kompyuta itunze nini: herufi tatu, au kisanduku kizima?

Mwaka 1987 Korea Kusini iliweka kiwango cha taifa cha maandishi ya kompyuta chenye silabi 2,350 tu, zile zinazotumika sana. Hapo ndipo damu inanichemka. 똠 ni silabi halali, mtoto wa shule anaiandika kwa penseli bila shida, lakini kompyuta iliyofuata kiwango kile haikuwa nayo. Kamati inapata wapi mamlaka ya kumchagulia mtu silabi za lugha yake mwenyewe?

Unicode, kiwango cha kimataifa kinachoipa kila alama ya maandishi namba yake, ikaziingiza zote kwenye toleo la 2.0 la mwaka 1996. Ukihesabu herufi za msingi pamoja na zilizounganishwa: konsonanti 19 za mwanzo, mara irabu 21, mara nafasi 28 za mwisho (kuacha wazi ikiwa mojawapo), jumla 11,172. Watetezi wake wana hoja nzito, sikatai. Zimepangwa kihesabu, kwa hiyo programu huzichambua kwa kugawanya tu. Kwa UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi namba za Unicode, 한 hula baiti 3. Ukiihifadhi herufi kwa herufi, 9.

Lakini angalieni gharama. Silabi 6,656 za toleo la 1.1 la Unicode zilibadilishiwa namba, na maandishi yaliyotumia namba za zamani yakawa hayasomeki. Halafu njia zote mbili zikabaki halali, ndiyo maana faili lenye jina la Kikorea likitoka kwenye Mac kwenda Windows, jina huweza kufika limemeguka: ㅎㅏㄴ.

Linaloniuma zaidi ni Jeju, kisiwa cha Korea Kusini. Wazee wa kisiwa hicho bado wanaitamka irabu ㆍ, na haimo kati ya zile 21. Neno lao la farasi, ᄆᆞᆯ, halina kisanduku. Sharti liungwe kwa herufi, na fonti isiyojua kuunga hulivuruga.

Msimamo wangu: herufi ndizo zingekuwa msingi. Ugumu wa kuziunga kwenye skrini ulikuwa wa mashine za wakati ule, na mashine zimebadilika; namba zilizogawiwa hazibadiliki tena. Mnaotetea silabi nzima, mwandishi wa Jeju mnamjibu nini?