Virusi vya Epstein-Barr na lupasi: tutachunguzaje hapa Tanga?

Swali
Wakuu, salaam. Tunaandika pendekezo la utafiti tujue kama virusi vya Epstein-Barr (EBV) vina mkono katika lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Tuna wagonjwa 40 na wachangia damu 40. Tutapima kingamwili za IgG (zile zinazobaki mwilini muda mrefu baada ya maambukizi), tuhesabu wenye virusi na wasio navyo. Kuna tundu wapi?

Jibu 1
Tundu ni hilo la mwisho. Watoto wengi huku kwetu huvipata EBV kabla ya kutimiza miaka 3. Mkiuliza "anavyo au hana", karibu wote 80 watakuwa navyo na hamtapata jibu. Pimeni kiasi: IgG ya VCA, EBNA-1 na EA-D (sehemu tatu za virusi hivyo), pamoja na wingi wa virusi kwenye damu nzima kwa PCR (kipimo cha vinasaba). Wachangia damu waacheni, wengi ni wanaume, na lupasi takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake. Kila mgonjwa alinganishwe na wawili wa jinsia yake, rika lake, mtaa wake.

Jibu 2
Naongezea. Mwenye lupasi hutengeneza kingamwili nyingi za kila aina, kwa hiyo pimeni na za saitomegalovirusi, virusi vingine vya jamii hiyo hiyo. Zikipanda zote, msiitupie EBV lawama. Damu itolewe kabla ya prednisolone (dawa ya kushusha kinga), maana kinga ikishushwa virusi huamka. Na malaria jamani, msiisahau! Nayo huviamsha EBV, tena inaweza kuleta ANA (kingamwili dhidi ya viini vya seli, zinazopimwa kutafuta lupasi) chanya kwa asiye na lupasi. Kipimo cha haraka cha malaria hubaki chanya wiki kadhaa baada ya tiba, basi thibitisheni kwa hadubini.

Muuliza
Ahsanteni sana. Damu kiasi gani?

Jibu 2
Mililita 5 za damu ya kutoa seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda), 4 kwenye chupa ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Ya seramu igande dakika 30, izungushwe kwa mashine, seramu igawanywe vichupa vya mililita 0.5, ikae nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kikiyeyuka hakirudi kwenye friza. Wagonjwa na wazima wapimwe kwenye sahani moja ya maabara, la sivyo tofauti ya sahani mtaiita ugonjwa.

Jibu 1
Hata hivyo hamtajua kipi kilitangulia. Utafiti wa wanajeshi wa Marekani uliotoka 2022 kuhusu EBV na multipo sklerosisi (ugonjwa wa kinga kushambulia ubongo na uti wa mgongo) ulipata uzito kwa sababu seramu zilihifadhiwa kabla ya watu kuugua. Andikeni wazi kwamba wenu unatafuta uhusiano, si chanzo, na ombeni kibali cha kuhifadhi seramu za ndugu wa wagonjwa walio wazima leo.