Nimeshindwa kesi CMA, rufaa napeleka wapi?

mtu_wa_ghala: Wakuu naombeni msaada. Nilifukuzwa kazi ghalani, wakasema kuna mzigo umepotea zamu yangu, nikajaza fomu namba 1 ya malalamiko nikapeleka CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hapa Tanzania), usuluhishi ukagoma tukaenda kwenye uamuzi, na mwamuzi kasema mwajiri alikuwa na sababu. Tuzo, yaani uamuzi wake wa maandishi, nimeichukua wiki tatu zilizopita. Sasa nimempata jamaa tuliyekuwa naye zamu ile, yuko tayari kunitolea ushahidi, nataka nikate rufaa naye asikilizwe. Naanzia wapi?

Kiboko: Pole mkuu. Ni Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Wahi tu.

mama_wawili: Pole sana ndugu yangu. Ila tuelewane, kutoka CMA haiendi rufaa, yanaenda maombi ya marejeo, na hiyo tofauti ndo inaumiza watu. Jaji hasikilizi kesi upya, anaitisha jalada la CMA analisoma, anaangalia mwamuzi alifuata sheria au la, na alichoamua kinaendana na ushahidi uliomo au la. Huyo jamaa yako hayumo kwenye jalada kwahiyo usimtegemee sana. Pambana na kilichomo. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri athibitishe kwamba kakuachisha kihalali, sio wewe uthibitishe hukuiba, soma tuzo mstari kwa mstari uone kama mwamuzi alikugeuzia wewe hiyo kazi ya kuthibitisha. Muda ni wiki 6 tangu ukabidhiwe tuzo, maana yake umebaki na 3. Na kabla ya mahakamani peleka CMA fomu namba 10, ile ya kusudio la kuomba marejeo, kuna watu maombi yao yameondolewa kwa kuikosa.

Fundi Bomba: Hapo kwenye siku kuwa makini. Mimi nilisaini kupokea tuzo bila kuandika tarehe, mwajiri akahesabu toka siku ilipotolewa, nikahangaika miezi kuomba kuongezewa muda. Kama kwenye nakala yako kuna tarehe ya kupokea ipige picha leo leo.

mtu_wa_ghala: Tarehe ipo. Na nimesoma tena, ukurasa wa 7 kaandika "mlalamikaji ameshindwa kueleza mzigo ulikwenda wapi".

mama_wawili: Hapo hapo! Hiyo ndo hoja yako ya kwanza. Kesho asubuhi kachukue fomu namba 10.