Naomba ushauri: nimjibu vipi mwanafunzi huyu?

Hamjambo wapendwa? Nafundisha fizikia kidato cha nne hapa Kayole, Nairobi. Juzi kijana aliingia amechelewa, viatu vimejaa tope, akaniuliza: "Mwalimu, kama kila atomu mwilini mwangu inafuata kanuni, kosa langu liko wapi?" Sikumwadhibu, kwa sababu swali lilikuwa la kweli.

Nilimweleza kuhusu Laplace, mwanahisabati Mfaransa aliyeandika mwaka 1814 kwamba akili inayojua mahali na mwendo wa kila kitu ingeyaona yajayo yote. Kisha nikamtajia radiamu-226, metali yenye mnururisho: nusu ya atomu zake huoza, yaani hugeuka zenyewe kuwa atomu za aina nyingine, kwa miaka 1,600 hivi, lakini nadharia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, haisemi ni atomu ipi itaoza leo. Akajibu, "Hiyo ni bahati nasibu tu, bado si uamuzi wangu." Nikanyamaza na chaki mkononi. Naona ana hoja.

Je, majaribio ya Bell (yanayopima kama chembe zina majibu yaliyofichwa ndani yake tangu mwanzo), yaliyowapa Aspect, Clauser na Zeilinger tuzo ya Nobel mwaka 2022, yanamaanisha kweli ulimwengu haukupangwa, au bado kuna mwanya? Na nawezaje kumweleza uhuru wa kuamua bila kuegemea bahati nasibu ya atomu? Tuna kipindi Alhamisi.